Mstari Uliokata Ukingo

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu kutoka Guangzhou. Mjomba wako hajambo, na nguo zake zinanunuliwa. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu.

Umeuliza kama ule mstari mweupe unaokata ukingo mweusi wa zulia la marehemu bibi yako ni kasoro. Nilipokuwa kijana misheni, nilishika sindano niuzibe. Sista Mmarekani, aliyetuzawadia zulia hilo siku ya arusi yetu, akanidaka mkono: "Acha, mwanangu! Mfumaji Mnavaho, wa wenyeji wa asili wa kwetu Marekani, ameacha njia, roho yake isifungiwe humo." Tangu hapo bibi yako hakulikung'uta bila kuupitishia kidole mstari ule.

Juzi nililipeleka kwa fundi hapa mtaani Xiaobei, azibe tundu lililotobolewa na nondo. Ni stadi mno. Aliuona mstari, akatabasamu, akachagua uzi mweusi. Nikaufunika mstari kwa kiganja, nikatikisa kichwa. "Hao, hao," akasema, yaani vema kwa Kichina, kama anavyomjibu kila mteja.

"Baba, amekuelewa kweli?" mjomba wako akaniuliza.

Sijui, mjukuu wangu. Leo ndiyo siku ya kulichukua. Nimevaa viatu tangu asubuhi, na bado nimeketi nakuandikia.

Babu yako akupendaye