Chaki za Zuhura

Jumatatu, 3 Machi
Nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili na mafundi cherehani wote nilioanza nao Chang'ombe. Viwanda vya nguo vimefungwa nikiviona. Mie bado nakata suruali, napima mara moja tu. Nani mwingine? Lakini mwaka huu nimemzika Zuhura, mwanangu. Hilo sikulitaka.

Leo sare za shule. Chaki nyeupe, kata. Bluu, kunja. Nyekundu, usiguse. Zuhura alijifunza hayo akicheza chini ya meza yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Kaja Neema, mwenzake wa kazini. Kafungua kompyuta ya marehemu. Ndani mna ile programu aliyoiandika Zuhura, inayowatumia wajawazito wa mtaani meseji ya siku ya kliniki. Sikuelewa neno. Ila rangi nimeziona. Nyeupe, bluu, nyekundu. Chaki zangu! Kila mstari wa maandishi kaupaka rangi yake, kazifungia humo humo. Nimelia mbele ya mgeni.

Neema anataka zitoke. Anasema rangi hizo ndizo zinazokwamisha meseji, maana mashine za wenzake zinapokea maandishi matupu tu. Nimekataa.

Jumamosi, 8 Machi
Karudi.
"Shikamoo baba. Nakala ya rangi itabaki humu, haipotei."
Ibaki humu nani aione? Huko ni kumzika mara ya pili.
"Kila mashine inajipakia rangi zake, baba."
"Basi zipake za mwanangu."
"Wewe ulishampa mteja suruali bila kuipangusa chaki?"
Nimemfukuza. Ofisini kwangu sijibiwi hivyo.

Swali lake nimelala nalo.

Jumatatu, 10 Machi
Mwajuma, mke wa jirani, ana mimba kubwa. Kliniki imempita. Anasema alikuwa anangoja meseji ya da Zuhura.

Sikula. Nimempigia Neema.

Jumanne, 11 Machi
Kanionyesha pa kubonyeza. Nimebonyeza mwenyewe. Maandishi yote yamekuwa meupe.

Jioni simu ya Mwajuma imelia. Aende kesho.

Nimemaliza sketi ya mtoto wa shule. Sikuipangusa. Mama yake kanung'unika, "Mzee, mbona na chaki?" Nimemwambia aiache, itafutika yenyewe.

Neema alikuwepo nilipobonyeza. Meseji anayo Mwajuma. Atakayesema nimemzika Zuhura mara ya pili, awaulize hao.