Vijiti Vinne kwa Kichuguu

Jumatatu, 16 Septemba 1963

Nimeamka kabla ya jogoo. Siku hizi jogoo ndiye ananingojanga mimi. Nimetandaza mahindi kwa jua, nimefukuza kuku. Kuku moja ni jeuri kama mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema.

Halafu kwa kichuguu. Nimeweka sikio chini. Kumbikumbi wako ndani, wananguruma. Mvua hakuna. Wiki ya pili sasa. Kakamega bila mvua ya saa tisa, hiyo si Kakamega.

Msimu mzuri, lakini. Mahindi iko ndani, msitu umejaa ndege, hondohondo wanapiga kelele kama wake wenza. Mimi siwezi kukaa. Nakaa, nasimama. Nakaa, nasimama.

Jumanne, 17 Septemba

Lutomia amepata shamba ya mzungu. Ekari kumi na tano, Chekalini, huko Lugari. Lori inakuja siku ya kwanza ya mwezi ujao.

Mtu tulitahiriwa pamoja. Tulibeba mizigo ya vita vya Mjerumani pamoja, mimi nikibeba yake akichoka. (Yeye anasema ni yeye alibeba yangu. Muongo. Mzee wa kanisa na muongo.)

Nimemwambia pongezi. Nimerudi nyumbani nimepasua kuni ya wiki mbili. Mkono unauma.

Jumapili, 22 Septemba

Kanisani. Sisi huwa tunakaa kimya, tunangoja Roho. Roho akachelewa. Nikahesabu mbao za paa mara tatu.

Nje, watu wanasema Jumapili ijayo ni shukrani ya mavuno, kila mtu alete kitu. Mmoja ndizi, mwingine mtama, mwingine ingokho, kuku wa kienyeji. Mdomo wangu ukajifungua wenyewe. Nikasema mimi nitaleta kikapu kizima ya kumbikumbi. Bila mvua. Nikasema huko Tanganyika niliwahi kuita kumbikumbi kwa kupiga kofia ya afisa, wakatoka mpaka afisa akakimbia. Wamama wamecheka mpaka wakashika miti.

Lutomia akacheka pia. Akasema, “Shikanga, wewe hata mvua ikikunyeshea kwa kitanda huwezi kuita hata mmoja bila mimi. Mwaka ujao utapiga na nani?”

Watu wakacheka zaidi. Mimi nikacheka. Ndani sikucheka.

Jumatatu, 23 Septemba

Mwalimu wetu wa ngumbaru anasema tuandike ile kitu inatusumbua. Sawa, naandika.

Kichuguu iko kwa mpaka. Nusu kwangu, nusu kwa Lutomia. Baba zetu walikata maneno: mashimo mawili, watu wawili, kila mtu na vijiti vyake viwili. Tunafunika na majani ya ndizi, ndani inakuwa giza, tunapiga ubao taratibu kama matone. Kumbikumbi wanafikiri mvua imekuja, wanafuata mwanga, wanaanguka kwa shimo. Vijiti vinne, kilima yote inasikia.

Mmoja akifa, mwenzake anapiga peke yake. Mara moja tu. Hivyo ndiyo watu wanajua. Baba ya Lutomia alipigia baba yangu. Nakumbuka. Nilikuwa kwa shamba ya mtama, nikasikia vijiti viwili, nikakaa chini.

Mwaka ujao nitapiga na nani. Ati.

Jumatano, 25 Septemba

Nimefanya.

Lutomia alienda mjini kwa ofisi ya mashamba. Nilimwona akipita na koti. Nikakata majani, nikafunika kichuguu, nikapiga. Nilijua. Mtu asiseme nilisahau. Nilikuwa na hasira. Nikasema, huyu ameshahama, roho yake iko Chekalini, kichuguu ni yangu.

Na wametoka! Bila wingu! Walimwagika kama mahindi kwa gunia iliyopasuka. Nilijaza kikapu, nikajaza na shuka. Kama nasema uongo, radi inipige.

Halafu nikasikia kilio.

Kilima yote ilisikia vijiti viwili. Wamama wameacha majembe, wamekimbia kwa Lutomia wakilia. Vijana wameleta kuni za matanga. Dada yake ametoka Shieywe na miguu, kitambaa kichwani, anaanguka, anainuka. Wanamkuta Lutomia amerudi kutoka mjini, amekaa, anakula obusuma, ugali wetu, na mboga.

Mke wake, Mama Rasoa, akakuja mpaka mlangoni kwangu. “Shikanga! Umezika mume wangu na tonge liko mdomoni!”

Nikasukuma kikapu nyuma ya mlango.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimekutana na Lutomia kwa njia ya kisima. Nikasema, “Maiti inatembea asubuhi hii?” Nilifikiri atacheka. Miaka yote tunataniana, yeye ananiita fisi, mimi namwita kibuyu.

Amepita. Hajanisalimu. Hajaniangalia.

Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 27 Septemba

Kumbikumbi nimekaanga. Harufu tamu. Nimekosa hamu. Mimi, kukosa hamu ya kumbikumbi! Daktari aitwe.

Nimetembea mpaka ndani ya msitu, nimerudi. Nimeenda tena. Mbega weupe-kwa-weusi walikuwa juu ya mti, wazee tupu, wamekaa wawili wawili wakichambuana manyoya. Nimewatupia jiti.

Nasikia Mama Rasoa hataki kupanda lori. Anasema hawezi kuingia nchi mpya na mume ambaye kwao ameshaliliwa. Lutomia anasema wataenda, na hapa hatarudi. Hata kuzika mtu.

Hata kuzika mimi.

Jumamosi, 28 Septemba

Hamisi amekuja kutoka Mumias na baiskeli yake ya vitambaa. Tulibeba mizigo pamoja sisi watatu, yeye akisali mara tano na mzigo kichwani. Amesimama kwa ua: “Asalaam aleikum, mchimba kaburi.”

Ameshasikia. Mumias imeshasikia!

Alienda kwa Lutomia, akakaa sana. Mimi nikamngoja nikizunguka nyumba. Nimezunguka mpaka mbwa amechoka kunifuata. Akarudi.

“Amesema nini?”

“Amesema chai ya mke wake ni tamu.”

“Hamisi!”

“Umemzika mbele ya watu, mzee. Mfufue mbele ya watu. Na usiongeze kofia ya afisa.”

Sijalala vizuri. Naandika hii Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa.

Jumapili, 29 Septemba

Shukrani. Kanisa imejaa. Ndizi, maboga, kuku wamefungwa miguu wanapayuka. Kikapu changu mbele, kimefunikwa. Watu wanakiangalia. Lutomia upande wa wanaume, benchi ya pili. Benchi yetu. Ameacha nafasi katikati, Hamisi akakaa hapo, Mwislamu wa watu, mikono kwa magoti.

Kimya. Tukangoja. Kuku wakanyamaza hata wao.

Nikasimama. Nikashika benchi, mimi niliyevuka mito na mamba. (Mamba walikuwa wawili. Mmoja. Pengine ilikuwa gogo.)

Nikasema: “Hii kikapu ni ya wizi. Nusu ni ya Lutomia. Nilipiga peke yangu akiwa hai, na nilijua. Sikutaka aende. Ni hiyo tu.”

Nikakaa. Mbao za paa sikuhesabu.

Lutomia akainuka polepole, magoti yakilia. Akaenda mbele, akafunua kikapu, akatia kumbikumbi mdomoni. Akatafuna. Kanisa yote inamwangalia kama amefufuka kweli.

“Fisi huyu,” akasema, “hata kukaanga hajui. Ameziunguza.”

Nimelia. Naandika kwa sababu ni kweli na hakuna mtu atasoma.

Jumatatu, 30 Septemba

Tumepiga. Vijiti vinne. Mama Rasoa alisema kilima lazima isikie kabla lori haijakuja, na dada ya Lutomia aliletwa kutoka Shieywe akae akisikia. Hamisi akashika jani la ndizi, anasema yeye ni shahidi.

Jua kali. Tumepiga tangu saa nne mpaka kivuli ikageuka. Ametoka mmoja. Mmoja! Hana hata bawa, mchwa fundi tu, amekuja kuuliza kelele ni ya nini.

“Huyo ni wako,” nikamwambia Lutomia.

“Wako. Mimi nahama.”

Tumeendelea kupiga. Hakuna mtu alitaka kuwa wa kwanza kuacha.

Jumanne, 1 Oktoba

Lori imekuja. Vitanda, sufuria, ng'ombe wawili wamekataa, wakasukumwa. Mama Rasoa amepanda mbele na dereva, kama mke wa gavana. Lutomia juu ya magunia.

Ameniachia vijiti vyake. Akasema, “Usiviguse.”

Vumbi ilikaa muda mrefu kwa barabara.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua imenyesha jana saa tisa, ya mawe kwanza, halafu ya maji. Leo asubuhi jua laini. Udongo unanukia. Miti yote inadondosha.

Nimetoka kanisani, nimeenda kwa kichuguu. Walikuwa wanatoka wenyewe. Wengi. Mabawa yaling'aa mpaka kwa msitu.

Vijiti vyangu vilikuwa kwa mkono. Nimeviweka chini. Sikupiga. Yeye yuko hai, anapanda mahindi Chekalini.

Nimekaa tu, bila kusimama. Shimo langu limejaa, na lake limejaa. Lake nimeanika kando, kwa mkeka wa peke yake. Hamisi atapeleka na basi siku ya soko. Nimemwambia azikaange Mama Rasoa mwenyewe.