Utepe wa Keza

Kagugu, Jumanne usiku

Bado nasikia yale makofi. Leo kanisani nilipewa kazi ya kuwapima watoto mkono kwa utepe wa rangi. Ukionyesha nyekundu au njano, mama anapewa unga wa lishe. Ukionyesha kijani, mtoto amepona na unga unakoma.

Kwa mtoto mmoja, Keza, ulionyesha kijani, lakini karibu kabisa na njano. Mama yake akaninong'oneza, "Kaza kidogo, dada. Nyumbani chakula haiko."

Nikakaza hadi ukaonyesha njano. Keza akalia.

Mama Mchungaji, kiongozi wetu tuliyetoka naye Arusha, akaja mbio. "Nani kakuambia ukaze hivi?"

Nilimtazama tu mama Keza, na hiyo ilitosha kumjulisha.

Mama Mchungaji akapima upya mwenyewe, akashika kipaza sauti. "Kijani! Bwana asifiwe!" Makofi. "Ila mama huyu anataka mwanawe akonde ili yeye ale unga!"

Watu wakacheka. Nilipaswa kusema kwamba mtoto yule kwao hana chakula...

Nina Kiswahili, nina Kiingereza, maneno ya kumtetea ninayo. Nikacheka nao.

Mama Keza alimfunga mtoto mgongoni, akaniambia polepole, bila hasira, "Tutarudi, dada. Siku hiyo hutahitaji kukaza."