Kompyuta ya Vipul Imekutetea

Violeth,

Amka ule. Michembe ya viazi na maziwa ya mgando yako mezani, nimefunika.

~~Zile hesabu nilizokuandikia zikamilike kabla sijarudi kutoka kazini.~~ Achana nazo!

Nimetoka mbio dukani kwa Vipul. Kumbe shule yenu imeanza kuwatumia wazazi kazi za likizo kwa barua pepe, na Vipul anatufungulia kwenye kompyuta yake. Mwanangu, nimeona kwa macho yangu! Mwalimu yuko Mwanza, maneno yake yako hapa Shinyanga, na hakuna aliyepanda basi.

Nilikwenda kutafuta ushahidi wa kukubana. Vipul akasoma kwa sauti: “Kidato cha tatu hawana kazi ya likizo. Wapumzike. Wazazi, msiwatungie nyingine.” Duka zima likacheka. “Mama Violeth, hilo la mwisho ni lako,” akasema, mshenzi yule.

Basi harusini Songwa unakwenda. Shangazi Eufrasia atakupitia saa nane. Gauni nimelipiga pasi, limetundikwa nyuma ya mlango. Ufunguo mwachie Mama Jinal hapo jirani. Na usiende umevimbisha mdomo, picha zitaharibika.

Jana uliposema hamna kazi ya likizo, nilikuita mwongo mbele ya shangazi yako. Haikuwa haki. Mwambie mama amesema hukudanganya. Asipoamini, aje kwa Vipul nimfungulie mwenyewe. Nimeshajua pa kubonyeza.

Mama yako