Ulipenda Dunia Isiyo na Watu

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Juzi mwalimu mmoja mliyefundisha naye aliniletea jarida kutoka huko ng'ambo uliko. Alilifungua juu ya meza yangu ya vitabu hapa Kericho, akaweka kidole kwenye picha yako. Umefuga ndevu. Umejifunga skafu shingoni na unatazama mbali, kama mtu aliyeona mambo. Chini ya picha umenukuliwa ukisema kwamba unaandika hadithi za baada ya mwisho wa dunia kwa sababu ulipokuwa kijana ulisimama ndani ya nyumba iliyoteketea, huku milimani Kenya, ukasikia ukimya ambao hujausikia tena. Na kwamba mwakani utakuja na mpiga picha kuutafuta.

Hukusema nyumba ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mama yangu. Sijui kama ulisahau, au uliona kumtaja kungekuharibia sentensi. Kwa kuwa wewe ulisema yako hadharani, nami naandika yangu hadharani.

Unakumbuka tulivyokutana? Wazungu wa mashamba ya chai walikuwa wakimaliza kazi na kurudi kwao, wakiacha maboksi ya riwaya, nami nikaweka kibanda cha vitabu karibu na steji ya matatu. Mvua ya mchana ilikuwa imeanza, ile isiyokosa. Ukaingia na mkoba umeufunika kwa nailoni, mwalimu kijana wa Kiingereza, mtoto wa wakulima wa chai wa Kiptere, ukaniuliza, "Una kitabu chochote ambacho watu wameisha?"

"Wameisha vipi?"

"Dunia imekwisha. Amebaki mmoja tu, anatembea."

"Mwalimu, una shida gani na watu?"

Ukasema huna shida nao, ila wana kelele. Nilicheka, nikakutafutia. Vilikuwepo, tena vingi; sijui wazungu wale walikuwa na nini. Miezi iliyofuata ulikuwa unapita kila ukitoka shuleni, unakaa juu ya boksi, unanisomea kwa sauti huku maji yakipiga mabati. Miji mitupu. Majivu. Ukungu. Mwanamume na begi lake, barabara haina mwisho.

Sitajifanya kwamba sikuvipenda. Nilivipenda sana. Mimi ni binti wa nyumba yenye watoto tele, na mchana kutwa nilishinda kando ya steji, makanga wakiitana. Kitabu ambacho hakuna anayekuomba kitu kilikuwa kama kuvua viatu. Humo hakuna harambee, hakuna mjomba wa kufikishiwa salamu. Na kwetu sisi wawili kulikuwa na jambo jingine, ingawa hatukulisema. Wewe ulikuwa Mkipsigis wa Kiptere, mimi Mkikuyu wa Londiani, na wazazi wangu walihamia huko kutoka Nyeri kabla sijazaliwa. Watu wako waliguna, watu wangu wakaguna. Ndani ya zile riwaya hakuna aliyebaki wa kuguna. Tungeweza kushikana mikono katikati ya barabara.

Jumapili ulinipeleka kutembea kwenye mashamba makubwa ya chai, asubuhi, ukungu ukiwa bado chini. Ulisimama juu ya kilima ukanyoosha mkono. "Ona, Wambui. Kama wameenda wote."

Walikuwa kanisani, mpenzi. Nilikuambia hivyo, ukakasirika kidogo. Ungenisikiliza siku ile ungejiokoa na aibu nyingi, kwa maana hakuna kitu duniani chenye alama za mikono ya watu kama shamba la chai. Ule usawa ulioupenda, lile zulia la kijani, ni watu waliolikata na kulichuma mpaka likalala. Liache bila watu, chai itapanda juu iwe miti, na wewe na ukungu wako mtapotelea humo. Lakini wewe ulitaka kazi ya watu bila watu wenyewe.

Kisha ukaja ule mwaka wa mapigano ya kikabila. Hilo huko hujalieleza, nadhani kwa sababu lingehitaji majina. Habari ilinifikia kibandani kwamba nyumba za upande wetu zimechomwa. Wazazi wangu walikuwa wamekimbilia uwanja wa kanisa mjini Londiani pamoja na jirani zao, na huko nikawakuta wazima, Baba amevaa koti la mtu mwingine, Mama akigombana na mwanamke mmoja juu ya sufuria. Nakuambia, sijawahi kufurahia ugomvi wa sufuria kama siku ile.

Mambo yalipotulia, ulisema utatusindikiza kwenda kuona shamba. Nilishukuru. Nilijua haikuwa rahisi kwako kupita njia ile ukiwa na sisi, na kwa hilo nilikupenda asubuhi yote, mpaka tukafika.

Baba hakuingia. Alisimama pale lango lilipokuwa, akawa anachunguza kigingi cha ua kana kwamba ndicho kilichomleta. Mama aliingia na fimbo, akaanza kupekua majivu pale cherehani yake ilipokuwa. Mabati yalikuwa yamejikunja. Ghala la viazi lilikuwa limeungua na viazi vyote ndani, na mahali pale, Mungu anisamehe, palinukia chakula. Mimi nilikuwa nalia na njaa inaniuma.

Wewe ulikuwa umesimama sebuleni. Nilikuona umefumba macho. Nilidhani unaomba, nikaja kusimama karibu nawe. Ukanishika mkono, ukaninong'oneza, "Sikiliza. Hata ndege hakuna. Ni yenyewe kabisa."

Ni yenyewe kabisa! Ulisema kwa furaha. Haikuwa furaha mbaya, haikuwa ya adui. Ilikuwa furaha ya mtu aliyesoma juu ya bahari maisha yake yote, kisha akapelekwa ufukweni. Mama yangu alikuwa hatua chache kutoka hapo, ameinama, ameshika gurudumu la cherehani lililoungua. Wewe ulisikia ukimya. Mimi nilimsikia Mama akipumua.

Kisha ukaokota kioo cha taa ya mafuta, kilichokuwa kimeyeyuka kikakunjamana. Ukamwendea ukamuuliza, "Mama, naweza kuchukua hiki?"

Mama alidhani unamsaidia kusafisha. "Chukua tu, mwanangu," akasema. "Kuna kingine kule karibu na jiko."

Ukachukua vyote viwili.

Hapo ndipo Mama Chepkoech alipotokea kwenye ua, yule jirani yetu Mkipsigis wa upande wa bondeni. Alikuwa amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, na nyuma yake, kwenye kamba, alikuwa akimvuta ng'ombe wa Mama.

"Chamgei, Mama Wambui."

"Chamgei," Mama akajibu, hakuinuka.

"Nimeleta mnyama wako. Waliokuja niliwaambia ni wangu, nilimnunua kwako kitambo. Nikamchanganya na wangu." Akaifunga kamba kwenye mti. "Lakini ng'ombe huyu ana tabia mbaya. Anakataa mkono wangu kabisa. Kila nikimkamua ananipiga teke."

"Lazima umwimbie."

"Nimemwimbia! Nimeimba nyimbo zote za kanisa!"

"Anataka za Kikuyu."

Wakaangaliana. Mama akacheka, kisha kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na Mama Chepkoech akavuka majivu akamshika. Hakusema ni nani aliyechoma. Mama hakuuliza. Mwana wa pili wa Mama Chepkoech hakuonekana nyumbani wiki ile yote, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Walikunywa mursik ile wakipokezana kibuyu, wamekaa juu ya jiwe la mlangoni. Baba akaitwa, naye akaja.

Na wewe ulikunja uso. Nilikuona. Wanawake wale walikuwa wamekuharibia ukimya.

Nilijipa moyo kwamba ni mshtuko, kwamba kila mtu huupokea msiba kwa namna yake. Mtu akiwa amevalishwa pete huwa hakosi maelezo. Mpaka ile Jumapili uliyoleta walimu wenzako kwenye nyumba niliyopanga, ambako Mama alikuwa akiishi nami huku Baba akihangaikia mabati. Ulikuwa umeandika hadithi yako ya kwanza. Ulisimama karibu na dirisha ukatusomea.

Mwanamume anatembea katika ukungu. Anafika kwenye nyumba iliyoungua. Anaokota kioo kilichoyeyuka, anakitazama, anakiweka mfukoni, anaendelea na safari. Hiyo ndiyo hadithi nzima. Walimu wakashusha pumzi. Mmoja akasema, "Ina hisia, hii. Ina hisia kweli."

Mama alikuwa akimimina chai. "Na wenye nyumba?" akauliza.

Ukatabasamu. "Hawapo, Mama. Katika hadithi hii watu wameisha."

"Wameishia wapi?"

"Wameisha tu. Ni mwisho wa dunia."

"Na ni nani aliyechoma?"

"Hakuna aliyechoma. Hilo si muhimu, Mama. Muhimu ni ule upweke."

Mama akaweka chupa ya chai mezani polepole. "Mimi nilikuwa pale kanisani," akasema. "Tulilala kama siafu. Mtoto wa watu alikuwa ananikojolea mgongoni. Huo upweke ningeupata wapi?"

Wenzako wakacheka, si kwa ubaya. Wewe hukucheka. Uliwageukia ukasema, "Mama hajazoea fasihi."

Mama alikuwa bado ameshika kikombe chako. Alikuongezea sukari, akakupa kwa mikono miwili, akaenda jikoni.

Nilikusindikiza mpaka barabarani, unakumbuka. Nilikurudishia pete pale chini ya mkarakara wa jirani. Ulishangaa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. "Lakini wewe ulivipenda vitabu hivi kuliko mimi," ukasema.

"Nilivipenda," nikakujibu, "kwa sababu nikikifunga kitabu watu wangu walikuwa bado wapo."

Ukasema nimekasirika, nitaona tofauti kesho. Nimeona tofauti miaka yote hii, na hasira imekwisha. Kilichobaki ni dharau, nami nimeitunza vizuri.

Kwa maana nimefikiri sana juu ya utamu wa hadithi zako, na naamini nimeupata ulipo. Si majivu, wala si ukungu. Ni kwamba hakuna wa kumtazama usoni. Dunia imekwisha na haikumalizwa na mtu. Hakuna mwenye kosa, hakuna wa kuombwa msamaha, hakuna jirani ambaye mwanawe alikuwa na kiberiti. Shujaa wako ana huzuni kubwa na hadaiwi neno lolote. Hajawahi kuomba chumvi. Ningekuwa mwoga kama wewe, nami ningehamia humo.

Mwisho wa dunia wa kwetu haukuwa hivyo. Wazazi wangu walirudi Londiani mvua mbili baadaye, na kilichowangoja si ukimya, ni kazi. Kupanda viazi kwa mbegu ya kuazimwa. Kusalimiana, kila siku, kuwe na hamu au kusiwe. Mama na Mama Chepkoech walikaa msimu mzima kanisani kila mmoja benchi lake, hawasemezani, baada ya maneno fulani kutamkwa kisimani. Usidhani mursik ile ilimaliza mambo. Kisha binti ya Mama Chepkoech akashikwa na uchungu barabarani mbele ya nyumba yetu, na Mama ndiye aliyempokea mtoto. Wakarudi benchi moja. Wakagombana tena mwaka jana juu ya mpaka. Andika hilo, kama unaweza. Huwezi. Lina kelele.

Vitabu vyenu bado naviuza. Vijana wanaviulizia, nami sina neno nao. Bado hawajaona kitu. Nawafungia kwa gazeti, wanaenda.

Nikuambie habari moja ya mwisho, ambayo jarida lako halina. Baba alifariki wakati wa masika. Tulimzika palepale shambani, nyuma ya nyumba mpya. Udongo ulikuwa umelowa na mzito, na mtu akichimba, ukingo unaporomoka. Wana wote wa Mama Chepkoech walikuja na majembe, hata yule wa pili. Hakuna aliyemwita. Alishuka ndani ya kaburi akachimba kwa muda mrefu bila kuinua macho, na wengine walipotaka kumpokea alikataa. Mama alisimama ukingoni akimtazama. Hatimaye akasema, "Kijana, toka unywe chai, itapoa." Akatoka, matope mpaka kifuani. Mama akampa kikombe. Akaimwaga nusu kabla haijafika mdomoni, na Mama akamjazia tena.

Usije na mpiga picha wako. Mama angekukaribisha, ndivyo alivyo, angekupa kiti na kukuuliza kama umeoa. Lakini ungepoteza nauli yako bure. Pale pamejaa watu.

Uende salama katika barabara yako tupu.

Ni mimi, niliyekuwa mchumba wako, binti wa wenye nyumba.