Sahani Iliyofunikwa

Nyansiongo, Jumapili

Kwako Kache, mke wa mwanangu,

Nimefika salama. Achari ya maembe uliyonifungia haikumwagika hata tone.

Jana baada ya ibada ya Sabato, akina mama wa kanisa walinizunguka niwasimulie habari za Watamu, huko pwani kwenu. Niliwaambia maji ya bahari huondoka, yakaacha samaki wadogo kwenye vidimbwi, halafu yakarudi yenyewe. Mmoja wao, Linet, alicheka, akasema uzee umenianza. Lakini tumbili wa magofu ya Gede aliyeninyang'anya ndizi niliyotoka nayo huku, huyo walimwamini wote.

Asante, mwanangu. Ulinishika mkono majini kama mtoto, ukanipikia wali wa nazi kila nilipoutaka, na hukuchoka nami.

Kila jioni ulipakua chakula cha mumeo Momanyi ukakifunika, ukaniambia kazi ya hoteli imemchelewesha. Asubuhi nilikuona unakila wewe, umesimama jikoni. Siku nane nilikaa kwenu na mwanangu sikumwona. Sikukuuliza, kwa sababu niliona unanisitiri mimi nisiaibike kwa niliyemzaa.

Nyumba yenu hapa nyumbani nimeifagia na ufunguo ninao mimi. Ng'ombe amezaa, maziwa ni mengi. Njoo mwezi wa nane, hata kama ni peke yako, na usinitafutie sababu ya kunieleza. Nitapakua sahani mbili, na hatutafunika yoyote.

Ni mimi mama yako, wako kabisa,
Persis