Vipindi Kumi na Nane

Area D, Dodoma

Dada Somoe,

Shikamoo. Mguu wa mama unaendeleaje? Mikorosho imeshatoa maua? Mimi mwili mzima, moyo ndio ulikuwa umepotea njia.

Huku upepo wa kiangazi unavuma kutwa. Vumbi likipanda, vilima huonekana kama vinaelea, nami huenda chuoni kama naota nikiwa macho. Katika ndoto hiyo nilikuwa nahesabu. Nafundisha vipindi kumi na nane kwa wiki, wenzangu kumi, kumi na kimoja. Sikumwambia mtu. Nilinuna tu, nikaacha kumshikia mwenzangu yeyote kipindi.

Idarani kwetu mtihani wa mwaka wa kwanza husahihishwa mezani pamoja: kila mwalimu na swali lake, karatasi zinazunguka. Majuzi mwalimu wa swali la tatu akaugua. Mkuu wa idara akaniangalia.

"Swali langu ni la nne," nikasema.

Muda wa kazi ulipokwisha nikainuka, karatasi mia na ishirini za swali langu bado zikingoja.

"Mmakonde," akasema Mzee Chilongani, mkubwa wetu kwa umri na kwa utani, "hata pumzi unazihesabu?"

Asubuhi nikakuta swali la tatu limekwisha, na langu pia. Mwandiko wa Chilongani. Hakuna aliyeninunia, na hilo ndilo lililonichoma. Nikaandika ubaoni vipindi vya kila mmoja wetu.

"Kumi na nane?" Chilongani akauliza. "Na mwaka mzima umenyamaza?"

"Ratiba si mnaiona wote?"

"Kila mtu anaangalia mstari wake, bwana."

Mkuu wa idara akakiri kwamba alinirundikia kwa kuwa sikulalamika. Haikuwa haki, nikamwambia hivyo. Chilongani akachukua vipindi vyangu viwili vya Ijumaa alasiri, mwenzetu Neema viwili vingine.

Ijumaa nikawa huru. Nilipita nje ya darasa, mwanga wa alasiri umelala madirishani, namsikia mzee akihangaika na mada yangu. Nilisimama kidogo. Kisha nikaingia, akanipa chaki, akaketi na wanafunzi.

Kwa hiyo dada, ratibani nina vipindi kumi na vinne. Cha kumi na tano hakuna aliyenipangia.

Mbusu mama. Msalimie shemeji fundi baiskeli, na shangazi anayeniombea dua kila Ijumaa. Mwambie zinafika.

Ni mimi uliyemlea,
Rashidi